Naomba ushauri: darasa langu linajibu "ndiyo mwalimu" tu

Habari zenu walimu. Nasomea ualimu, sasa niko mazoezini shule ya msingi, nafundisha sayansi. Juzi nilitumbukiza yai kwenye maji ya kawaida, likazama. Nikakoroga chumvi nyingi, likaelea. Macho yakawatoka watoto! Badala ya kuwauliza wanadhani ni kwa nini, nikaeleza mwenyewe, kisha nikauliza, "Tumeelewana?" "Ndiyo mwalimuuu!" Kesho yake hakuna aliyeweza kueleza. Iliniuma sana.

Chuoni tulifundishwa kusubiri angalau sekunde 3 baada ya swali, lakini kwa watoto 90 ukimya unageuka kelele. Nyie wazoefu mnaulizaje maswali ya kufikirisha, hasa kwa mtoto anayeogopa kuchekwa akikosea? Na nianze na swali au jaribio?