Meli ya "maharamia" ikitia nanga bandari ya watu, nani wa kuikamata?

Mwalimu_Ngamiani

Wakuu, habari za jioni. Nafundisha historia kidato cha sita hapa Tanga, na wanafunzi wamenibana. Tulikuwa kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865. Mmoja, ambaye mama yake ni Mngazija, akasema meli ya Kusini, yaani ya majimbo yaliyojitenga na Marekani, iitwayo Alabama, ilifika mpaka Anzwani kule Komoro. Nimefuatilia, ni kweli: Februari 1864 ilitia nanga pale, ikanunua chakula, mabaharia wakashuka kutembea.

Sasa swali. Aprili 1861 Rais Lincoln wa Marekani alitangaza kwamba atakayeshambulia meli za Marekani kwa jina la Kusini atahesabiwa haramia. Ilikuwaje basi "haramia" huyo akaingia Martinique, Cape Town na Singapore, akapata makaa ya mawe, akang'oa nanga bila kuguswa? Wanadiplomasia wa Marekani walikuwa wapi?

Chuda_Boy

Waingereza walitaka pamba ya Kusini. Mjadala umefungwa.

Mzee_wa_Gati

Bwana mdogo, pamba ilikuwepo lakini haifungi mjadala. Mwalimu, ngoja nikueleze kwa macho ya mtu wa bandari.

Mimi nimezeekea ofisi ya wakala wa meli hapa Tanga, tangu enzi za katani, meli ikikaa nje majini na matishari yakiipelekea marobota. Kazi ile inakufundisha jambo moja: mwenye bandari haulizi kama nahodha ni mtu mwema. Anauliza bendera gani, karatasi ziko wapi, unataka nini, unaondoka lini. Ukitaka kumkwamisha nahodha, pita kwenye maswali hayo.

Uingereza ilitangaza tarehe 13 Mei 1861 kwamba haina upande, ikazitambua pande zote mbili kuwa zinapigana vita. Ufaransa na Hispania zikafuata. Kuanzia hapo meli yenye hati ya serikali ya Kusini ilikuwa ni meli ya kivita, si haramia, hata Washington ikipiga kelele namna gani. Na Lincoln alijifunga mwenyewe: alitangaza kuzizingira bandari za Kusini, na kuzingira ni jambo linalofanywa dhidi ya adui wa vita. Waingereza wakamjibu kwamba basi hiyo ni vita.

Kwa hiyo konseli, yaani mwakilishi wa Marekani katika mji wa bandari, akifika kwa gavana na kusema "mkamate haramia yule", alikuwa anapoteza muda. Wajanja waliacha kudai meli ikamatwe, wakadai inyimwe makaa na ipunguziwe saa za kukaa. Tazama Sumter, meli ya kwanza ya Raphael Semmes, nahodha wa Kusini ambaye baadaye aliiongoza Alabama. Julai 1861 aliingiza meli alizoziteka Cienfuegos, kule Cuba, akidhani Wahispania, watawala wa pale, watamtunzia. Wahispania wakaziachia meli zile zirudi kwa wenyewe. Januari 1862 akafika Gibraltar, boila zimechoka, makaa yameisha. Konseli wa Marekani pale, Horatio Sprague, akazunguka kwa wafanyabiashara mpaka ikawa hakuna wa kumuuzia. Semmes akamtuma mhasibu wake kwenda Cadiz kutafuta makaa. Meli aliyopanda ikapita Tangier, konseli wa Marekani pale akawashawishi wakubwa wa Morocco wamkamate yeye na mwenzake, akawafunga pingu. Wazungu wa mji ule walikuja juu, lakini Sumter haikutoka tena kuwinda. Ikauzwa Desemba 1862.

Januari hiyo hiyo London ikatoa kanuni: meli ya kivita ya upande wowote saa 24 tu bandarini, isipokuwa kwa dhoruba, matengenezo au chakula, makaa ya kuifikisha bandari ya kwao iliyo karibu, kisha isipewe mengine katika bandari za Uingereza kwa miezi mitatu.

Chuda_Boy

Waja leo waondoka leo! Kumbe Waingereza walituiga Tanga 😂

Mzee_wa_Gati

Hahaa, umenena. Lakini ilikuwa na tundu, maana "matengenezo" yanaweza kuwa marefu kama nahodha anavyotaka. Nimewaona wengi wa namna hiyo.

Naendelea na Alabama. Ilijengwa kwa Laird, Birkenhead, ikiitwa namba 290 tu. Thomas Dudley, konseli wa Marekani Liverpool, alilipa wapelelezi, akakusanya viapo vya mabaharia walioambiwa wazi wanaandikishwa kwa nani. Balozi wa Marekani London, Charles Francis Adams, akavipeleka kwa serikali ya Uingereza. Vikafika kwa wakili mkuu wa Malkia, naye alikuwa ameugua akili, makaratasi yakalala kwake. Tarehe 29 Julai 1862 meli ikatoka kama inakwenda kujaribiwa, wageni wakiwa juu wanastarehe. Wageni wakarudishwa na tagi, yenyewe ikaenda Terceira kupokea mizinga. Iliteka meli zaidi ya 60 kabla Kearsarge, meli ya kivita ya Marekani, haijaizamisha nje ya Cherbourg, Juni 1864.

Utasema Dudley alishindwa. Mimi nasema hapana. Mwaka uliofuata, Laird walipokuwa wanamalizia meli mbili za chuma za Kusini, Adams alimwandikia Russell, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, kwamba zikiachiwa, hii ni vita. Meli zikazuiwa. Na barua zote zile zikatunzwa. Mwaka 1872, baraza la wasuluhishi watano huko Geneva liliiamuru Uingereza iilipe Marekani fidia ya dola milioni 15.5 za dhahabu. Wakala yeyote anajua: andika pingamizi siku hiyo hiyo, lipigwe muhuri, hata kama meli inaondoka mbele ya macho yako. Usipoandika, huna dai.

Wakili_Raskazone

Shikamoo Mzee. Usiwape sifa kupita kiasi. Oktoba 1864 Wamarekani waliingia bandari ya Bahia, Brazil, usiku, meli yao Wachusett ikaigonga Florida, meli ya kivita ya Kusini, na kuiburuta nje, na konseli wao alikuwemo kwenye mpango. Huo ni uvunjaji wa sheria ule ule waliokuwa wanaulalamikia. Ikabidi waombe radhi. Brazil ilitaka irudishiwe meli, lakini Florida ikazama mikononi mwao kule Virginia. Na Geneva, mmoja wa wale watano alitoka Brazil.

Mzee_wa_Gati

Marahaba mwanangu. La Bahia sina la kuwatetea.

Mwalimu_Ngamiani

Ahsanteni. Wataniuliza kesho kuhusu maharamia wa Somalia, wale wa miji ya pwani ya Eyl na Harardhere. Ni kesi moja?

Wakili_Raskazone

Hapana, Mwalimu. Wale hawakuwa na hati ya serikali yoyote, na bandari hazikuwa na mwenyewe wa kuandikiwa barua. Ndiyo maana Juni 2008 Baraza la Usalama, kwa azimio 1816, liliruhusu meli za nje kuingia maji ya Somalia kwa ridhaa ya serikali yake ya mpito. Januari 2009 yakaja makubaliano ya Djibouti ya kupambana na uharamia, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa waliosaini mwanzo. Kule hoja ilikuwa ukimkamata umpeleke mahakama gani, na mahakama zetu na za Kenya zikabeba mzigo huo.

Chuda_Boy

Sawa nimekubali, si pamba peke yake. Lakini pamba ilikuwepo.