Tupeane uzoefu: namna ya kuongea ilivyokukosanisha na mtu wako wa karibu

Wakuu, habari zenu. Nianze mwenyewe.

Huu ni mwaka wa 6 kwenye ndoa, na mitano yote ya mwanzo niliamini mume wangu hanisikilizi. Namuuliza kitu, kimya. Narudia kwa maneno mengine, kimya. Nikirukia jambo jingine kabisa, ndipo anashusha pumzi. Siku moja akaweka kijiko chini, akasema taratibu kama kawaida yake: "Umeniuliza matatu. Nijibu lipi?" Kumbe hata la kwanza alikuwa bado analiwazia. Mimi nilishamwona ana dharau, yeye kaniona mwenye kelele. Leteni yenu.

Mdakiaji: Dada, mimi ndiye wewe. Tulizaliwa tisa, ukisubiri mwenzio amalize, utakaa kimya mpaka uhame nyumba. Kwetu kudakia ndiyo kusikiliza kwenyewe: unammalizia mtu sentensi ajue mko pamoja. Wifi yangu alipoingia kwenye familia, kila nikimdakia ananyamaza. Nikaona huyu haongei, nikazidi kulijaza pengo. Baadaye sana akamwambia kaka: "Dada yako hajawahi kuniacha nimalize." Iliniuma, maana siku zote nilidhani yeye ndiye hanipendi.

Nukta: Yangu fupi. Bosi alikuwa anajibu meseji zangu zote "Sawa." Na nukta juu yake. Wiki nzima sikulala, nikijua kazi imeota mbawa. Kumbe hata mama yake mzazi, bosi anamjibu hivyohivyo.

Mkwe Mteule: Mama mkwe alikuja kututembelea. Tumekaa sebuleni, nasoma. Akasema, "Hilo dirisha liko wazi." Nikalitazama, kweli liko wazi. "Ndiyo, mama," nikaendelea kusoma. Baada ya kama dakika mbili: "Upepo wa leo una baridi." Nikasema, "Sana, mama." Mke wangu alisikia yote akiwa jikoni, akatoka na macho ambayo sijayasahau. Nimekulia nyumba ambayo mtu akitaka dirisha lifungwe anasema funga dirisha. Kumbe kwa mama, kumwagiza mkwe waziwazi ni kumkosea heshima. Alikuwa ananistahi!

Mkalimani: Kazi yangu ni ukalimani, kwa hiyo mapengo haya naishi nayo. Kuna utafiti wa 2009 uliopima lugha 10, ukakuta kwa wastani mtu hujibu swali la ndiyo au hapana baada ya takriban sehemu moja ya tano ya sekunde. Wajapani walijibu karibu papo hapo. Wadenishi walikaribia nusu sekunde. Tofauti kiduchu, lakini sikio linainasa. Ndiyo maana kwenye simu ya video mtandao ukichelewa sekunde moja tu, unaanza kuhisi mwenzio anasitasita, hata kama mnapendana. Sasa mleta mada, mumeo akichukua sekunde tatu, kwako ni kama ametoka chumbani.

Sio Kila Kitu: Naomba nipinge kidogo. Tusigeuze hili kuwa kichaka cha kujifichia. Kaka yangu anafoka, anatukana, halafu "ndivyo ninavyoongea, mnizoee." Mbona mbele ya watu anaowahitaji anaongea kama maji ya mtungi? Huyo namna ya pili anaijua vizuri sana, ila sisi hatupi.

Mleta mada: Hapo nakuunga mkono. Wangu angalau habagui, hata daktari akimuuliza jina anawaza kwanza. Siku hizi tumekubaliana: akiwa bado anatafuta jibu, anainua kidole. Nakitazama kidole, nang'ata ulimi. Jana kimekaa juu mpaka nimeenda kuanua nguo nikarudi.

Mkwe Mteule, dirisha ulilifunga lakini?

Mkwe Mteule: Alinyanyuka akalifunga mwenyewe. Kwa nguvu.