Vijana wa vijijini kufundishwa uokoaji: tunawainua au tunawapa kazi ya bure?

Ngazi: Pendekezo liko hivi: vijana wa vijijini wasio na ajira wafundishwe huduma ya kwanza na uokoaji, wawe wa kwanza kufika kwenye ajali, moto au mafuriko, maana ambulansi iko mbali. Wanasema ni kumwezesha kijana. Nauliza, cheti kisicho na posho kinamwezesha vipi? Ingawa, tuseme ukweli, ni afadhali kuliko kushinda kijiweni.

Kombora: Kwanza futa hiyo ya kijiweni. Gari likipinduka, nani anayewatoa majeruhi wenu mtaroni? Ni haohao wa kijiweni. Nyie wengine mnatoa simu kupiga picha.

Ngazi: Sijamtukana mtu. Jibu swali.

Kombora: Nimeshajibu. Futa.

Bi Tulia: Mimi nayafundisha haya. Moyo ukisimama, ubongo huanza kuharibika ndani ya dakika 4 hadi 6. Hapo anayeokoa ni aliye karibu. Viganja katikati ya kifua, unakandamiza sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kila mara unakiacha kifua kirudi juu. Dakika mbili tu kijana mwenye misuli anahema, ndiyo maana tunawafundisha kupokezana.

Kinyonga: Wapokezane mpaka lini, mwalimu, kama gari lenyewe linafika baada ya saa tatu? Mnamfanya kijana awe shahidi wa kifo mwenye cheti.

Babu Kipara: Sisi hatukusoma kozi yoyote. Ukiumwa na nyoka unafungwa kamba juu ya jeraha, unachanjwa, sumu inanyonywa. Na tupo.

Bi Tulia: Shikamoo babu, lakini hapo unatuulia watu. Nyoka hana kamba, hana wembe, hana kunyonya. Mgonjwa atulizwe, mguu ufungwe vibao usitikisike, pete na bangili zivuliwe kabla hajavimba, apelekwe kwenye dawa ya sumu.

Kombora: Mbona sisi tulifundishwa kufunga mkanda?

Bi Tulia: Huo ni wa damu. Unabana jeraha kwa nguvu kwanza. Ikikataa kukata ndipo unafunga mkanda mpana juu ya jeraha, usiwe kwenye kiungo, na unaandika saa uliyofunga.

Babu Kipara: Marahaba. Mimi nilifungwa kamba na ndiye huyu naandika.

Kinyonga: Babu, nyoka wengi hawana sumu, na wenye nayo wakati mwingine huuma bila kuitoa. Kamba imejitwalia sifa isiyo yake.

Babu Kipara: Ulikuwepo?

Kinyonga: 😂 Sikuwepo.

Babu Kipara: Basi.

Mpita Njia: Tuacheni nyoka jamani. Vita vya Solferino kule Italia, mwaka 1859 kama sikosei, Henry Dunant, mfanyabiashara Mswisi, alikuta wanavijiji ndio wanaohudumia majeruhi. Msalaba Mwekundu chanzo chake ni hapo. Nani aliwalipa?

Kinyonga: Huyo Dunant alifilisika 1867. Mfano mzuri wa kujitolea huo.

Mpita Njia: Na 1901 akapewa Tuzo ya Nobel.

Kinyonga: Miaka 34 baadaye. Mwambie kijana asubiri.

Kombora: Nyie chekeni. Mimi waandaaji walinipa cheti na fulana, glavu hakuna. Juzi nimebana jeraha la mtu kwa mfuko wa plastiki, damu imenijaa mpaka kwenye kiwiko.

Bi Tulia: Mkononi ulikuwa na mchubuko?

Kombora: Wa jembe, mdogo tu. Umeanza kukauka.

Bi Tulia: Juzi ya lini?

Kombora: Ijumaa jioni.

Bi Tulia: Leo Jumatatu, mwanangu. Dawa za kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72, na kadiri unavyochelewa ndivyo zinavyopungua nguvu. Weka simu chini, nenda kituo cha afya sasa hivi, waeleze kama ulivyotueleza.

Ngazi: Kombora, umeondoka?

Babu Kipara: Ameondoka. Ila ya kamba hatujamaliza.