Mrejesho: nyumba ya kando ya Barabara ya Bagamoyo

Wakuu, niliomba ushauri kama ninunue ile nyumba ya Boko, Dar es Salaam, inayotazama Barabara ya Bagamoyo. Asanteni sana, nimeshanunua.

Aliyenisaidia kuliko wote ni yule aliyesema nisitoe hata shilingi kabla ya kupima hifadhi ya barabara, yaani eneo la pembeni lililotengwa kwa ajili ya barabara. Kwa Sheria ya Barabara ya 2007, barabara kuu ina mita 30 kila upande kutoka katikati. Mpima ardhi akatafuta bikoni, zile alama za mipaka: nyumba iko salama, ila ukuta wa mbele na fremu mbili za duka zimo ndani ya hifadhi. Dalali alinuna! Upekuzi wa hati kwenye ofisi ya ardhi ulitoka safi, tukakaa na mwenye nyumba, fremu zikatolewa kwenye bei. Siku zikibomolewa sitegemei fidia.

Kelele bado zipo. Michongoma niliyoshauriwa kupanda ni urembo tu. Afadhali kuhamishia chumba cha kulala nyuma na kuweka madirisha ya aluminiamu yanayofunga vizuri, ingawa sasa feni inazunguka usiku kucha. Vumbi ndilo limetushinda kabisa.

Fremu moja imeshapata mpangaji, na ameambiwa ukweli wote.