Mrejesho: kingamwili ya LC3B, mstari wa pili umeonekana

Wakuu, naleta mrejesho. Niliuliza kwa nini kingamwili yangu ya LC3B (protini ya kufuatilia otofajia, yaani seli kumeng'enya sehemu zake yenyewe) inatoa mstari mmoja tu kwenye western blot (kipimo cha kutenganisha protini kwenye jeli, kuzihamishia kwenye utando na kuzitambua kwa kingamwili), wakati inatakiwa iwe miwili, ya maumbo mawili ya protini hiyo: LC3-I karibu na kilodaltoni 16 na LC3-II karibu na 14.

Kingamwili haina tatizo. Aliyesema nibadili utando alilenga penyewe: protini ndogo kiasi hiki hupenya utando wenye vitundu vya mikroni 0.45 na kupotelea upande wa pili. Nimehamia utando wa PVDF (aina ya plastiki) wa mikroni 0.2 na jeli ya asilimia 15. Sasa mistari ni miwili, wa chini mwembamba lakini umekolea. (Huo wa chini ndio LC3-II. Kwa kweli ni nzito zaidi kwa vile imebeba mafuta, ila hukimbia kuliko mwenzake!)

Dawa ya bafilomisini A1 ndiyo iliyomaliza ubishi. Kwenye seli zilizopewa dawa hiyo, LC3-II imejaa kwelikweli, maana lisosomu (vifuko vya kumeng'enya ndani ya seli) zimezuiwa kuiteketeza. Bila kipimo hicho huwezi kujua kama otofajia imeongezeka au imekwama njiani. Kiasi cha LC3-II nalinganisha na aktini (protini ya kulinganishia iliyomo kwenye kila seli), si LC3-I. Inayofuata kupimwa ni p62, protini nyingine inayoteketezwa kwa otofajia.