Mawazo ya kumdhuru mwanangu yananijia bila kuyataka, naombeni ushauri

Mama Kichanga: Wakuu, heshima kwenu. Naishi Nkuhungu hapa Dodoma, mtoto wangu wa kwanza ana miezi mitatu. Tangu nimalize arobaini, nikishika kisu tu inanijia picha nimemchoma mwanangu. Nikimwogesha, linakuja wazo la kumzamisha. Natetemeka, naacha beseni, namwita mdogo wangu amalizie. Visu nimevifungia kwenye sanduku, ufunguo anao yeye. Hata mchicha siku hizi nauchuma kwa vidole na kuutia sufuriani hivyo hivyo. Usiku namuuliza mume wangu, "Hivi naweza kumdhuru mtoto?" Akisema huwezi natulia kidogo, kisha namuuliza tena. Nikisali, wazo likiingia katikati naanza sala upya. Mwanangu nampenda kuliko nafsi yangu. Hospitali ya akili ya Mirembe naogopa kwenda, mtaani wataniita chizi, na labda watanichukulia mtoto. Nifanyeje?

Jirani wa Kizota: Pole sana dada. Hiyo ni vita ya kiroho. Tafuta watumishi wakuombee, na usikae peke yako na mtoto.

Nesi Mstaafu: Mkuu, maombi ni mema, ila hilo la kumtenga na mtoto litamzidishia hofu. Mdogo wangu, pole. Nimewauguza kina mama wenye hali kama yako na naona dalili za OCD, yaani ugonjwa wa mawazo yanayojirudia bila kutakwa na vitendo vya kuyatuliza, ingawa atakayethibitisha ni daktari atakayekuona. Mawazo ya namna hii huwapata watu wengi wazima kabisa; wanasaikolojia Rachman na de Silva walilionyesha hilo mwaka 1978. Wengine huyaacha yapite. Wewe yanakutisha kwa sababu yanapingana na upendo ulio nao, ndiyo maana unaficha visu, unauliza, unarudia sala. Vyote hivyo vinakupa nafuu ya dakika chache, kisha akili inazidi kusadiki kwamba hatari ilikuwepo kweli, na wazo linarudi na nguvu zaidi.

Tiba yake ni kukikaribia unachokiogopa kidogo kidogo bila kufanya kile kinachokutuliza. Mwanasaikolojia Victor Meyer aliandika kuhusu njia hiyo London mwaka 1966, na hadi leo ndiyo inayotumika. Mtaalamu anaweza kukuanzisha na kisu kimoja: unakata nyanya, mtoto yuko hapo hapo, hofu inapanda, unaiacha ishuke yenyewe. Usijilazimishe yote kwa siku moja. Dawa kama sertralini nazo husaidia, ila huchukua wiki kadhaa, mara nyingi 8 hadi 12, kwa hiyo usiache njiani. Mwambie daktari kwamba unanyonyesha.

Sasa nisikilize vizuri. Ukisikia sauti zinazokuamuru, ukianza kuamini mtoto si binadamu wa kawaida, ukikosa usingizi kabisa hata akiwa amelala, au wazo likaacha kukutisha ukaona ni sahihi kulitenda, hapo mambo ni mengine. Mtoto abebwe na mtu mwingine, nawe upelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Ukifikiria kujiua, vivyo hivyo.

Boda wa Area C: Dada, mimi nilikuwa nikipita kwenye tuta nageuza pikipiki kuangalia kama nimegonga mtu. Abiria wananilalamikia, mafuta yanaisha. Mirembe nilienda kliniki ya nje, nikarudi nyumbani siku ile ile. Nilifundishwa kuendelea na safari huku moyo unadunda. Wazo bado linakuja mara moja moja, ila sigeuzi.

Mama Kichanga: Mungu awabariki, nimelia kusoma haya. Mume wangu anijibu nini sasa nikimuuliza?

Nesi Mstaafu: Kubalianeni mapema, awe anakwambia kwa upole: "Huo ni ugonjwa unauliza, nami siujibu, ila niko hapa na wewe." Usiku wa kwanza utamkasirikia. Avumilie.

Mama Kichanga: Na kwa daktari, maneno yenyewe naona aibu kuyatamka.

Nesi Mstaafu: Chapisha kwenye karatasi ulichoandika hapo juu, mpe aisome. Kama Mirembe bado ni nzito kwako, anzia hospitali ya rufaa ya mkoa, uombe kuonana na mtu wa afya ya akili. Nenda na mume wako, na mtoto mbebe wewe.