Mtaro umeishia getini kwangu, maji yaende wapi?

Wakuu, salamu nitatoa siku nyingine. Tangu saa tisa usiku nachota tope sebuleni kwa sufuria. Mama watoto kapandisha godoro juu ya meza, na mtoto juu ya godoro. Na mvua yenyewe wala si kubwa.

Tupo Kigoma mjini, upande wa Mwanga. Aliyewahi kupanda huku kwa miguu kutoka stesheni anaujua huu mlima. Mwaka jana barabara ya mtaa ikachongwa, ikawekewa mtaro wa mawe kuanzia juu kabisa. Tukashangilia, mimi wa kwanza. Mtaro ukashuka, ukashuka, ukafika getini kwangu, ukakoma. Hakuna kalavati la kuvusha maji, hakuna njia ya kuyafikisha korongoni. Kuuliza, naambiwa ningoje awamu ya pili. Basi jana usiku imekuja, tena bila kubisha hodi.

Zamani maji yalitawanyika: kila nyumba ikapata kidogo chake, mengine ardhi ikayanywa. Sasa wameyakusanya yote, wakayapa na kasi, wakanikabidhi mimi. Hesabu hii haihitaji injinia: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Barabara ya upana wa mita 6 na urefu wa mita 500, ikinyeshewa milimita 40, inapokea lita 120,000. Madumu 6,000 ya lita ishirini! Hapo sijagusa mabati ya walio juu.

Nanyi majirani wa juu msijifiche. Mmejenga vivuko vya kuingilia kwenu kwa bomba la inchi nne, chupa mbili tu limeziba, maji yanaruka mtaro na kuichimba barabara ileile tuliyoililia. Halafu siku ya usafi tope linazolewa na kurundikwa palepale ukingoni. Mvua ya kwanza, limerudi. Tunamchezea nani?

Swali langu: nikitaka kuchimba mwenyewe kuelekea korongoni, lazima nipite kiwanja cha mzee aliye chini yangu. Nianzie kwa mwenyekiti wa mtaa au kwa huyo mzee? Jibuni upesi, maana nimechungulia sasa hivi, namwona anapanga viroba vya mchanga mpakani.